Mkituachia wajukuu, tuachieni na makaratasi yao

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Masalkheri mabibi wenzangu, masalkheri wanangu mlioacha shughuli zenu mkaja, na nyinyi wajukuu mliokaa kule nyuma nawaona, sogeeni mbele kivuli bado kipo.

Nimeombwa nizungumze maisha ya bibi na familia kubwa, yani siku yangu inaendaje na watoto na wajukuu na wakwe na wageni, na yule binti alonialika akaniambia bibi sema lolote ulonalo. Mimi ninalo moja na nitalitanguliza, manake kuna watu hapa wataondoka mapema kuwahi boti ya Mokowe na sitaki waende bila kulisikia. Wanangu, mkituachia watoto wenu tuachieni na makaratasi yao, na mtuachie na ruhusa ya kuamua. Hilo ndilo langu. Mengine yote nitakayosema ni kuwaonyesha kwa nini.

Nianze na nyumba, manake bila nyumba hamtanielewa. Tunakaa Mkomani, mtaa wa hapa hapa Amu, yani Lamu, nyumba ya mawe ya zamani, kuta nene za matumbawe na chokaa, dari za boriti, unaingia kwa daka, yani kibaraza cha mlangoni, ndio unatokea kiwandani, yani uani. Nilipewa na babangu nilipoolewa. Hio ilikuwa desturi ya watu wa hapa Amu wenye nyumba za mawe, binti akiolewa anapewa nyumba, au anajengewa ghorofa juu ya mamake, na mume ndio anahamia kwa mke. Ndio mnaona nyumba zetu zimepanda juu hivi, na nyingine zimevuka njia kwa wikio zikaenda kuegemea upande wa pili, hawakujenga vile kwa urembo, mabinti walikuwa wanazaliwa na kiwanja ni kile kile. UNESCO waliuandika mji wetu kwenye urithi wa dunia mwaka 2001 na wageni wanakuja wanapiga picha milango na zidaka za ukutani, na ni haki yao, ni vitu vizuri. Lakini mpango wenyewe wa nyumba hizi, ule usiopigika picha, ulikuwa ni kumweka mama na mabinti zake mahali pamoja ili mtoto akizaliwa amkute bibi yupo. Mimi nilimkuta wangu, mamangu alimkuta wake.

Kwa hio mtu asije akaniambia pole kwa mzigo wa wajukuu. Nina wajukuu 17 na 9 kati yao wanalala kwangu, wengine mama zao wako hapo hapo juu, wengine mama zao wako Mombasa, na wawili mama yao yuko Saudia. Sijaona mzigo hapo. Kazi iko, tena kazi nyingi, na kazi kila mtu anaijua kwa jina lake, kupika ni kupika na kufua ni kufua, lakini hii ya bibi watu wanaipita tu kama haipo.

Mimi naamka kabla ya adhana ya alfajiri na cha kwanza natazama tangi. Maji ya mji huu yanatoka visimani kule kwenye michanga ya Shela na hayaji kila saa, na nyumba iliyojaa watu hivi ikiamka haina maji basi siku imeharibika tangu asubuhi, kwa hio najua usiku nimelala na ndoo ngapi na nani ataoga kwanza. Unga wa mahamri nishaukanda usiku na tui na hiliki, ukifika alfajiri umeumuka, nasukuma nakata natia mafutani, mbaazi zilichemka jana nazimalizia tui na chumvi. Hapo ndio nawaamsha. Naamsha kwa mpango, wa junia seko kwanza manake anachelewa kufunga vitabu, halafu wa Gredi 4 na Gredi 2, halafu wale wadogo wa PP1 na PP2 ambao ukiwaamsha mapema wanalala tena kwenye mkeka na viatu miguuni. Mmoja hanywi chai mpaka ipoe. Mmoja ana pumu na nikimwamsha nasikiliza kifua chake kabla sijamwambia neno, manake najua kikianza kulia mluzi mdogo wa usiku ile siku asikimbie, na mwalimu wake nishamwambia. Mmoja hapendi kuchanwa nywele na mtu mwingine isipokuwa mimi. Haya yote hayakuandikwa popote, yamo kichwani mwangu, na mama wa mtoto akiwa mbali hawezi kuyajua, si kwa ubaya, hayajui kwa sababu hayupo, na yeye mwenyewe ananiuliza kwenye simu, mama leo kifua vipi.

Wakishatoka wanapita na punda na mikokoteni kwenye zile njia zetu nyembamba, na siku hizi pikipiki nazo zimeanza kuingia, hilo linanitia wasiwasi sana na nawaomba wenye pikipiki wanaonisikia, njia hizi upana wake ni wa watu wawili kupishana, watoto wamezoea kukimbia humo bila kutazama nyuma, enda polepole au shuka usukume.

Sasa chakula. Hapa nitakaa kidogo manake ndipo palipo na kazi kubwa ya bibi na watu wanadhani kazi ni kupika. Kupika wanangu wanaweza wote, wa kiume pia, mmoja ana mkono wa samaki wa kupaka kunishinda. Kazi ni kugawa. Watoto wanakula kwenye masinia, wali katikati mchuzi juu, wanazunguka, na sinia lina siri zake. Ukiwaweka wakubwa peke yao na wadogo peke yao, wadogo wanacheza chakula kinapoa. Ukiwachanganya bila kutazama, mwenye mkono mwepesi anashiba na mwenye haya anaondoka na njaa na hasemi. Kuna watoto hawasemi. Nina mjukuu mmoja wa kiume mpole sana, akimaliza kipande chake haombi kingine hata ungoje mwezi, na nduguye anakula haraka na ana mkono mrefu, ukiwaweka sinia moja kila siku baada ya mwezi utaona mmoja mashavu yamejaa na mwingine shingo imekonda na mama yao ataenda kununua dawa ya hamu ya kula, na dawa ya yule mtoto ilikuwa kumhamisha sinia tu. Kwa hio mimi nakaa pale na upawa, sili mpaka wao wamekula, samaki namgawa mwenyewe, natoa miba kwa wadogo, kichwa kinazunguka leo kwa huyu kesho kwa yule, na wanakumbuka zamu zao hao, ukikosea unaambiwa.

Na kugawa kuna msimu wake. Upepo wa kaskazi ukivuma bahari imetulia, changu na tafi na kolekole tele, ukienda ufuoni asubuhi unachagua. Ikija kusi bahari inachafuka, madau madogo hayatoki, samaki akipatikana bei imepanda, basi hapo ndio bibi anatakiwa awe alishafikiria mapema, ng'onda, yani samaki wa kukausha, umeweka, kunde umeweka, maharagwe umeweka, embe ulizitia achari zilipokuwa nyingi. Mke wa kijana wangu alikuja kutoka bara, mtoto mzuri, mwaka wa kwanza alikuwa akishangaa kwa nini naweka ng'onda ndani wakati samaki freshi wamejaa mlangoni, ilipofika Juni alinishika mkono akasema mama nimefahamu. Sasa yeye ndiye ananikumbusha.

Mfungo sita, mwezi wa Maulidi, ndio nyumba inafurika. Maulidi ya Riyadha yakikaribia jamaa wanatoka Mombasa, Malindi, Tana, Pate na Faza, wengine siwajui vizuri ni watoto wa binamu wa marehemu mume wangu, wote wanalala, mikeka inatandikwa mpaka juu darini, na wajukuu wanaachia vitanda vyao kwa furaha manake wanajua watalala nje pamoja. Idi nayo kila mjukuu anakuja na mkono umenyooshwa kutaka mkono wa idi, na bibi lazima awe ameweka noti ndogo ndogo mpya, za kutosha wa ndani na wa jirani, manake hutampa wako ukamwacha mtoto wa jirani amesimama pale.

Jioni wanarudi shule, wanakwenda chuoni kusoma Kurani, wanarudi chuoni, halafu ndio homuweki. Masomo ya sasa ya umilisi, yale tuliyozoea kuyaita CBC, yanataka mzazi akae na mtoto, leteni hiki, tengenezeni kile, pigeni picha mtume. Kuna mabibi wanalalamika wanasema sisi hatukusoma tutafanyaje. Mimi nawaambia msikubali kuitwa hamkusoma. Mjukuu wangu alikuja siku moja anataka kazi ya mikono, kitu cha kusuka kwa vitu vya mazingira, nikamwambia kaa hapa. Tukachana miyaa, tukachemsha nyingine na rangi, nikamwonyesha kusuka ukili, kidole kipi kinashika na kipi kinapeleka, ukifika urefu unashona upande kwa upande unapata mkeka, alifanya kipande chake mwenyewe mpaka mwisho, kimepinda kidogo lakini ni chake, mwalimu akamwita mbele ya darasa awafundishe wenzake. Sasa wanakuja nyumbani kwangu watoto wasiokuwa wangu, wanakaa kiwandani wanasuka. Hio ni elimu, na mtihani wake upo, ukili mbaya mkeka haulali chini.

Wanangu, sasa nakuja kwenye lile langu.

Mtoto wa miaka miwili aliamka usiku anaharisha na kutapika. Mamake yuko Mombasa kikazi, babake kaenda baharini na wenzake siku kadhaa. Nikafanya ninalolijua, na hili nawaambia mabibi wenzangu lishikeni, mtoto akiharisha msimzuilie maji, mpeni maji ya ORS kidogo kidogo kwa kijiko, akitapika subiri kidogo umpe tena, anyonye kama bado ananyonya, na hospitali wanatoa vidonge vya zinki anapewa siku 10 mpaka 14 hata akiacha kuharisha, na ukiona macho yamezama, halii machozi, hakojoi, amelegea, usingoje asubuhi. Wangu alikuwa macho yamezama. Nikamfunga leso mgongoni nikaenda naye, kijana wa jirani akanisindikiza na tochi.

Tulipofika, siutaji mahali, watu wale walikuwa na kazi zao, nikaulizwa kitabu cha kliniki. Kitabu mamake kaenda nacho, kimo ndani ya mkoba wake Mombasa. Nikaulizwa chanjo gani keshapata, nikajibu ninazozikumbuka lakini surua ile ya pili ya miezi 18 sikuwa na uhakika alipelekwa au la, manake alipelekwa na mamake. Nikaulizwa bima, bima imeandikwa kwenye namba ya simu ya babake, ukatumwa ujumbe na namba za siri kwenye simu iliyokuwa katikati ya bahari haina hata netiwaki. Nikaulizwa wewe ni nani wake. Mimi ni nani wake! Mtoto kalala mgongoni kwangu tangu alipoachishwa ziwa, ananiita mimi usiku, na pale kwenye dawati siwezi kuonyesha karatasi moja inayosema huyu ni wangu. Alhamdulillahi muuguzi mmoja aliacha kalamu akamchukua mtoto akaanza kumpa maji kwanza, mengine yakafuata, mtoto akapona. Namuombea mpaka leo.

Lakini mtu asitegemee kila siku atakutana na muuguzi yule.

Na shule ni hivyo hivyo. Mtoto akiandikishwa wanataka cheti cha kuzaliwa, akikaribia mtihani wanataka cheti cha kuzaliwa, jina liwe sawa sawa herufi kwa herufi. Najua bibi mmoja hapa hapa, hayupo leo, ana wajukuu watatu na hakuna hata mmoja mwenye cheti, mama yao aliondoka akasema nitashughulikia nikirudi, na mkubwa wao keshafika Gredi 6.

Sheria ya nchi hii inataka mtoto aandikishwe ndani ya miezi 6 tangu kuzaliwa. Baada ya hapo bado inawezekana, inaitwa ya kuchelewa, lakini ina mizunguko zaidi na maswali zaidi. Akizaliwa hospitali wanakupa ile karatasi ya taarifa ya kuzaliwa, ile karatasi ndogo wengi wanaitia ndani ya Msahafu au chini ya godoro wanaisahau, hio ndio mzizi wa cheti, iwekeni. Akizaliwa nyumbani, na hapa visiwani bado wanazaliwa nyumbani, mnakwenda kwa naibu wa chifu yeye ndiye anaandika. Kuomba cheti chenyewe siku hizi kunapitia eCitizen, na wajukuu wenyewe wakubwa wanaweza kuwasaidia, wanashinda kwenye simu hao, waambieni simu ifanye kazi. Katiba ya mwaka 2010 kifungu cha 53 kinasema kila mtoto ana haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa, na elimu ya msingi ya bure. Basi haki hio ipo, mnaifungia kwenye mkoba mnaondoka nayo.

Sasa mabinti zetu wanaokwenda Uarabuni. Nasema nanyi kwa mapenzi makubwa manake nami nina wangu huko, na najua machozi ya uwanja wa ndege, na najua pesa anayotuma ameipata vipi. Saa za Saudia ni sawa na zetu kwa hio anapiga baada ya Isha akimaliza kazi, watoto wanagombania simu, mdogo anaibusu skrini. Nasema hivi, kabla hujaondoka, kaa na mamako jioni moja. Mpe cheti cha kila mtoto, si kopi, au basi cheti kimoja na kopi mbili. Mpe kitabu cha kliniki. Mpe kopi ya kitambulisho chako na ya babake mtoto. Andika barua, hata kwa mkono, useme mimi fulani mamake fulani nimemwachia mamangu ruhusa ya kumpeleka mtoto hospitali na shule na kukubali matibabu, weka sahihi, babake aweke sahihi, pelekeni kwa chifu awapigie muhuri. Muhuri mmoja tu. Mimi nilimfanyia wangu wa Saudia hivyo, nikamkalisha mpaka akaandika, na mpaka leo ile barua iko ndani ya sanduku langu la nguo pamoja na vyeti, imeniokoa shuleni na imeniokoa hospitali.

Na ruhusa si ya karatasi peke yake. Kuna hii tabia ya siku hizi, mtoto ameachwa kwa bibi, bibi anasema asile peremende kabla ya kulala, mtoto anapiga simu kwa mamake, mamake anasema mwache ale, mama, jamani. Bibi anasema simu ifungwe saa tatu usiku, kijana anasema babangu kaniruhusu bando hii ni yangu. Wanangu, mkisema hivyo mbele ya mtoto mmenivua nguo. Kama hukubaliani nami nipigie pembeni, tutazungumza, mimi si mgumu, nimebadilisha mambo mengi kwa kuambiwa na watoto wangu. Lakini mtoto asijue kwamba amri ya bibi inavunjwa kwa simu, manake usiku akipandwa na homa au akitaka kutoka kwenda kusikojulikana wewe hupo, nipo mimi, na anipe masikio yake.

Pesa nitapita haraka. Mnatuma, Mwenyezi Mungu awazidishie, M-Pesa inalia na tunashukuru. Serikali nayo inatoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa sisi tuliofika miaka 70, na mimi nimo. Lakini tumeni mkijua idadi ya watoto. Anayetuma kwa mtoto wake mmoja na kusema hii ni ya viatu vya wangu tu, anajua kwamba sinia ni moja? Siwezi kumpa mmoja kuku na wanane wanatazama. Mkubaliane nyinyi ndugu kwa ndugu, muweke fungu moja la nyumba, bibi asiwe ndiye wa kuzunguka kuomba kila mmoja peke yake mwisho wa mwezi, inaumiza ile, na hamjui inaumiza kiasi gani kwa sababu hatuwaambii.

Nina neno na mabibi wenzangu pia, manake kama tunataka ruhusa ya kuamua lazima tuwe na elimu ya kuamulia. Mkwe akijifungua sisi ndio tunaoshika arubaini, tunampikia, tunamkanda, tunamwogesha mtoto, na maneno yetu mle chumbani yana nguvu kuliko ya daktari. Basi nguvu hio tuitumie vizuri. Mtoto miezi 6 ya kwanza anatoshwa na maziwa ya mamake peke yake, msimpe maji kwa sababu ya joto la Amu, maziwa yana maji ndani yake. Asali mtoto hapewi mpaka apite mwaka, hata kidole kimoja, inaweza kuwa na vijidudu vinavyomlegeza mwili mtoto mchanga. Nilipoambiwa haya kliniki na yule dada niliuliza maswali yangu yote mpaka nikaridhika, na nyinyi ulizeni, msione haya, mnauliza kwa ajili ya mtoto. Chanjo nazo zijueni wenyewe, akizaliwa, wiki 6, wiki 10, wiki 14, halafu surua miezi 9 na miezi 18, na vitamini A kuanzia miezi 6. Zishikeni kichwani kama mnavyoshika tarehe za mfungo. Mkizijua hakuna wa kuwauliza nyinyi ni nani wake.

Na nyinyi vijana wa kiume mliosimama mlangoni pale msiingie, nimewaona. Haya makaratasi si ya mama peke yake. Jina lako liko kwenye cheti, kitambulisho chako kinatakiwa, namba yako ya simu ndio imeandikwa kwenye bima. Ukitoka kwenda baharini au kazini bandarini Kililana au Mombasa, ile laini yenye bima iache nyumbani, au nenda uandikishe namba ya pili ya mtu anayekaa na mtoto ikiwa watakubali. Ni safari ya asubuhi moja.

Kifungu cha 57 cha ile Katiba kinasema sisi wazee tuna haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa jamaa zetu na serikali. Mimi heshima yangu nimeshawaambia iko wapi. Sitaki kununuliwa sofa. Nataka nikifika dirishani na mjukuu wangu mgongoni niulizwe jina lake, nitoe bahasha, nihudumiwe.

Basi tufanye hivi. Jumatatu asubuhi mimi nakwenda kwa naibu wa chifu na wale watoto watatu wa bibi niliyewatajia, mama yao nimeongea naye kwenye simu na ametuma picha ya kitambulisho chake, na ile karatasi ya hospitali ya mdogo imepatikana, ya wale wawili tutaanzia mwanzo. Mwenye mtoto asiye na cheti aje tufuatane. Tukutane Mkunguni saa mbili, mbele ya ngome, mje na ile taarifa ya kuzaliwa kama mnayo, kopi za vitambulisho vya wazazi, kitabu cha kliniki, na anayejua kusoma na kuandika haraka aje na kalamu atusaidie kujaza fomu, wajukuu wa junia seko nyinyi ndio nawataka hasa, hakuna shule wiki hio nishauliza. Asiyekuwa na nauli ya kutoka Matondoni au Kipungani anipigie au aniambie hapa kabla hatujaondoka, tutachangishana.

Adhana ya magharibi inakaribia, watoto wa chuoni wanataka uwanja wao, na wanaokwenda Mokowe boti yao ya mwisho hio. Nashukuru kwa kunisikiliza. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.